Aliyejibu Dodoso Bado Anangoja: Safari Kutoka Utafiti wa Saikolojia Hadi Tiba

Dodoso la PHQ-9, linalotumiwa katika nchi nyingi kupima dalili za sonona na ambalo hapa kwetu hutumika kwa Kiswahili, lina maswali tisa. Mhojiwa huulizwa ni mara ngapi katika wiki mbili zilizopita amesumbuliwa na kila dalili: kukosa raha, kupotewa na usingizi, uchovu, kujiona hafai, na nyinginezo. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla ya juu kabisa ni 27. Swali la tisa ndilo zito kuliko yote. Huuliza iwapo mhojiwa amekuwa akiwaza kwamba ni afadhali afe, au akifikiria kujidhuru.

Niliuliza swali hilo kwa miaka mingi kabla sijajua namna ya kulipokea jibu lake.

Zaidi ya miaka kumi iliyopita nilikuwa katika kijiji kimoja cha delta ya Rufiji nikikusanya takwimu. Ulikuwa msimu wa mpunga, na wanakijiji wengi walikuwa wamehamia kwenye madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ambamo mkulima hukaa kwa majuma kadhaa akilinda shamba dhidi ya ndege, tumbili na nguruwe. Nilimkuta mama mmoja wa makamo katika dungu lake. Alijibu maswali manane kwa utulivu. Nilipofika la tisa aliutazama mto kwa muda, kisha akasema, “Karibu kila siku, mwanangu.” Nikaandika 3. Nikafuata mwongozo wa utafiti kama ulivyoandikwa: nikampa barua ya rufaa ya kwenda kituo cha afya, nikamshukuru kwa muda wake, nikapanda boti kabla maji hayajapwa.

Miezi minne baadaye nilirudi kwa awamu ya pili. Barua ilikuwa ingalipo, imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni ili isilowe. Hakuwa amekwenda popote. Nilimuuliza sababu, nikitarajia anitajie nauli ya boti. Alinijibu, “Nilikwisha kukwambia wewe. Nikadhani utarudi.”

Wakati huo nilikuwa na shahada ya udaktari, shahada ya uzamili katika saikolojia na makala kadhaa kuhusu sonona zilizochapishwa. Sikujua niseme nini. Aliyejua alikuwa muuguzi wa zahanati ya jirani aliyenisindikiza. Aliketi chini, akamwamkia, akauliza mambo ambayo hayakuwamo katika dodoso langu: amekula nini tangu jana, nani analala naye nyumbani, ni kitu gani kilichomwezesha kuvumilia hadi leo, na kama yuko ndugu anayeweza kuja kukaa naye usiku ule. Kabla hatujaondoka, dada yake alikuwa amekwisha kufika kwa mtumbwi. Wiki iliyofuata muuguzi yule alikwenda tena kumwona. Mimi nilikuwa Dar es Salaam nikiingiza takwimu kwenye kompyuta.

Mama yule yu hai. Lakini siku ile nilitambua kwamba nimelijua tatizo kwa upana bila kuwa na uwezo wa kumsaidia mtu mmoja mwenye tatizo hilo. Nikiwa na umri wa miaka 38, niliacha utafiti wa saikolojia na kurudi darasani kusomea tiba ya magonjwa ya akili. Ninaandika makala haya kwa ajili ya watoa huduma za afya, kwa wagonjwa na ndugu zao, na kwa watafiti wenzangu wanaofikiria kufuata njia hiyo.

Utafiti haukuwa kosa

Ni rahisi kwa mtu aliyehama kuikejeli nyumba aliyotoka. Kufanya hivyo kungekuwa dhuluma, hasa katika Rufiji. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya, kwa kushirikiana na shirika la IDRC la Kanada, iliendesha mradi wa TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro. Mwaka 1998 ulianzishwa Rufiji mfumo wa ufuatiliaji wa afya na watu, ambao umeendeshwa chini ya taasisi ya utafiti ya Ifakara. Wahojaji walizunguka kaya kwa kaya kila baada ya miezi minne, wakiandika nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama na nani kahamia. Pale kifo kilipotokea nyumbani, ndugu walihojiwa ili sababu yake ijulikane.

Takwimu hizo zilionyesha kwamba fedha za wilaya hazikuwa zikielekezwa kwenye maradhi yaliyoua watu wengi zaidi. Mipango ilipobadilishwa ili iendane na ukweli huo, vifo vya watoto vilipungua kwa kiasi kikubwa. Hakuna daktari wa kliniki ambaye angeweza kuona jambo hilo akiwa amekaa chumbani mwake, akimpokea mgonjwa mmoja baada ya mwingine.

Hata katika afya ya akili utafiti umetupa silaha. Katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, watafiti walichagua vijiji 30 na kujaribu tiba ya mazungumzo ya vikundi kwa watu wenye sonona. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa maeneo hayo hayo waliopewa mafunzo mafupi, na vikundi vilikutana kila wiki kwa wiki 16. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba waliobaki na sonona baada ya tiba walikuwa asilimia 6.5, ilhali katika vijiji ambavyo havikupata tiba hiyo walikuwa asilimia 54.7. Kwa hiyo muuguzi wetu wa delta hakuwa akibahatisha. Kuketi na mtu, kumsikiliza kwa utaratibu na kurudi kumwona ni tiba iliyopimwa.

Kosa langu lilikuwa dogo zaidi, na ni la kawaida zaidi: nilidhani kwamba kuuliza kwa uangalifu kunatosha.

Waliotangulia kuhama

Uamuzi wa kuacha utafiti na kuingia katika tiba si mpya katika historia ya taaluma hii. Mfano wake mashuhuri ulitokea wakati ambapo delta hii hii ilikuwa uwanja wa vita.

Charles Myers, aliyezaliwa mwaka 1873, alikuwa mwanasaikolojia wa maabara katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Alisomea udaktari, lakini kazi yake ilikuwa majaribio ya hisi za binadamu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza alikwenda kuhudumu hospitalini Ufaransa. Februari 1915 alichapisha katika jarida la Lancet habari za askari waliopotewa na kumbukumbu na hisi nyingine bila jeraha la kutosha kueleza hali hiyo. Mwenzake William Rivers, ambaye alisafiri naye kufanya utafiti katika visiwa vya Torres Strait mwaka 1898, alianza kuwatibu askari wa aina hiyo akiwa amekwisha pita umri wa miaka 50. Katika hospitali ya Craiglockhart, Uskoti, aliwahudumia maofisa waliosumbuliwa na majinamizi, mtetemeko na woga. Rivers aliona kwamba kumlazimisha mgonjwa kufukuza kumbukumbu mbaya kulimzidishia mateso. Alimsaidia kuzitazama kidogo kidogo, kwa kiasi anachoweza kuhimili.

Mwezi ule ule makala ya Myers ilipotoka, meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilikuwa imejificha ndani ya mikoko ya Rufiji. Ilikuja kuangamizwa hapo Julai 11, 1915. Vita viliendelea bara, na wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya majeshi, ambao kumbukumbu yao imebaki katika jina la Kariakoo, walikufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi. Walionusurika hawakujengewa hospitali kama ile ya Uskoti. Walirudi vijijini na majinamizi yao, na huko yalipewa majina mengine.

Kurudi darasani

Watafiti wengi huniuliza nilipoteza nini kwa kuhama. Nilipoteza cheo na sehemu ya kipato. Niliwasalimu kama walimu wangu watu tuliolingana nao umri, na wanafunzi wenzangu walikuwa vijana. Hayo huzoeleka. Lililokuwa gumu ni kuacha tabia ambazo utafiti ulinifunza kuwa ni fadhila.

Mtafiti mzuri huuliza kila mtu swali lile lile kwa maneno yale yale, asije akamwelekeza mhojiwa. Hata sura yake huidhibiti. Mganga wa kliniki akifanya hivyo atamkosa mgonjwa. Katika miezi ya kwanza nilikuwa nikimaliza maswali yote kwa mpangilio, nikipata alama sahihi, na mgonjwa akiondoka bila kurudi. Msimamizi wangu alikaa nyuma ya chumba siku moja, kisha akaniambia kwa upole kwamba nimemhoji mgonjwa vizuri sana, lakini sijaonana naye.

Nilijifunza upya lugha ya watu wetu. Wachache sana husema, “Nina sonona.” Husema, “Nina mawazo,” “Nawaza sana,” “Moyo unanienda mbio,” “Mwili umekufa ganzi.” Wengine husema wameingiliwa na majini, na wamekwisha kupita kwa mganga wa jadi au kufanyiwa kisomo kabla ya kufika kwetu. Mtafiti huyapanga maelezo hayo katika kundi lake na kuendelea. Mtabibu hana budi kuyaingia kwa heshima, kwa sababu ndimo mgonjwa anamoishi. Nimeona mara nyingi kwamba anayedharauliwa kwa kwenda kisomoni hatakwambia pia kwamba ameacha dawa.

Jambo jingine ni wajibu. Katika utafiti, mhojiwa asipopatikana awamu ya pili huandikwa kuwa amepotea katika ufuatiliaji, na hesabu huendelea. Katika kliniki, mgonjwa asiporudi ni swali linalolala nawe usiku.

Ndwele ya yaliyopita

Baada ya kuhitimu nilipata nafasi ya kushiriki katika huduma ya mkoba ya afya ya akili katika eneo la Kibiti, wilaya iliyomegwa kutoka Rufiji na ambayo sasa inabeba sehemu kubwa ya delta. Msomaji anakumbuka kwamba mwaka 2016 na 2017 eneo hilo lilikumbwa na mauaji ya viongozi wa vijiji, raia na askari polisi. Aprili 13, 2017 askari wanane waliuawa katika shambulio moja. Amani ilirejea. Kwa baadhi ya watu usingizi haukurejea nayo.

Mwanamume mmoja, ambaye baadhi ya habari zake nimezibadili asitambulike, alikuwa ametibiwa malaria mara nyingi ingawa vipimo havikuonyesha vimelea. Malalamiko yake yalikuwa moyo kwenda mbio, tumbo kusokota na mwili kuishiwa nguvu. Nilipomuuliza hali hiyo inamjia wakati gani hasa, alisema ni pikipiki inapopita usiku. Kisha akanyamaza. Sikumhimiza aendelee.

Nyumbani kila mtu alikuwa akimwambia maneno ya wahenga: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni hekima kubwa kwa walio wengi, kwani wengi waliopitia hofu ile walipona wenyewe kwa msaada wa ndugu, kazi na ibada. Lakini wako ambao kwao yaliyopita ni ndwele hasa, na isipogangwa, yajayo hayaji. Kwa mtu huyo tulianza na usingizi na kupumua kwa utulivu. Tukamweleza yeye na mkewe kwamba mwili wake umejifunza hofu na unaweza kujifunza utulivu. Mazungumzo juu ya usiku ule yalikuja baadaye, kwa hiari yake na kwa vipande. Ilichukua miezi. Siku hizi hupanda bodaboda kwenda sokoni, ingawa huchagua dereva anayemfahamu.

Daftari na maji

Utafiti, hata hivyo, sikuutupa. Katika huduma ile nilianza kuandika katika daftari la kawaida nani kapangiwa kurudi lini, anatoka kijiji gani, na kama amerudi. Baada ya miezi kadhaa daftari lilinionyesha jambo ambalo sikulitarajia. Wagonjwa wa visiwani, tuliowapangia kurudi baada ya wiki tatu, hawakuwa wakionekana. Tuliowapangia wiki mbili au nne walikuwa wakija.

Nilipowauliza manahodha, walinishangaa kwa kutojua. Saa ya maji kujaa husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku. Ikiwa Jumatatu hii maji yamejaa asubuhi na boti zimepita vizuri kwenye vijito, baada ya wiki moja au tatu saa ile ile maji yatakuwa yamekupwa na boti itakwama kwenye matope. Baada ya wiki mbili au nne hali huwa karibu ile ile. Tulikuwa tukiwaita watu wavumilivu wakaidi wa dawa, kumbe tuliwapangia siku isiyopitika. Tukabadili tarehe za marudio, na wakaanza kuja.

Daftari hilo lilikuwa na thamani nyingine wakati mafuriko makubwa yalipoikumba Rufiji na Kibiti Aprili 2024, nyumba na mashamba yakazama na watu wengi wakahama. Kliniki za afya ya akili huhudumia pia wagonjwa wa kifafa, na mgonjwa wa kifafa akiacha dawa ghafla anaweza kupata degedege za kufululiza zinazohatarisha maisha. Orodha ya majina kwa vijiji humwezesha mhudumu kujua ni nani wa kutafutwa kwanza. Hapo mtafiti na mtabibu hufanya kazi moja.

Kwa wanaouliza na wanaoulizwa

Kwa mtafiti mwenzangu: usiulize swali la tisa kabla hujajua ni nani, kwa jina, atakayelipokea jibu lake siku hiyo hiyo. Barua ya rufaa isiyo na boti, isiyo na mtu wa upande wa pili anayemngoja mgonjwa, haijatimiza wajibu. Ukitaka kuhama kabisa, elewa kwamba shahada ya saikolojia ya utafiti haikupi ruhusa ya kutibu. Ziko njia halali. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hutoa shahada ya uzamili ya saikolojia tiba, na kwa madaktari, shahada ya umahiri katika magonjwa ya akili. Tarajia kusimamiwa kwa karibu, na usione haya kuwa mwanafunzi wa muuguzi.

Kwa mtoa huduma wa zahanati na kituo cha afya: usiogope kuuliza waziwazi kuhusu mawazo ya kujiua. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, na mara nyingi humpa nafuu. Akikubali kwamba anayo, usimwache peke yake. Mwombe ridhaa ya kumwita ndugu anayemwamini, hakikisheni vitu vya hatari vimewekwa mbali, wasiliana na ngazi ya juu, na mpangie siku ya karibu ya kuonana nawe tena. Kumbuka pia kwamba Kanuni ya Adhabu imelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na wengi hunyamaza kwa kuhofia polisi. Mapokezi yako ndiyo yatakayoamua kama atasema.

Kwa mgonjwa na ndugu: huzuni, kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, usingizi kuharibika na uchovu usioeleweka, vikidumu kwa wiki mbili au zaidi, si uvivu wala upungufu wa imani. Ni dalili za ugonjwa unaotibika kwa mazungumzo, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Mweleze mhudumu hata kama amekuuliza juu ya tumbo tu. Na anapokuja mtafiti na dodoso lake, una haki ya kukataa, una haki ya kuacha katikati, na una haki ya kumuuliza: “Nikikujibu, nani atarudi?”

Mama wa kwenye dungu hakuniuliza hivyo. Alinijibu tu, akaniamini, akangoja miezi minne. Natumaini atakayefuata hatangojeshwa.